Barua ya wazi kwa wenye paking za lami Dar: mistari ipigwe kiangazi, na isisubiriwe mpaka ifutike yote

Kwenu wakurugenzi na mameneja wa hospitali, masoko, stendi, maduka makubwa na ofisi za umma hapa Dar es Salaam, na nyie maafisa manunuzi na wahasibu ambao kalamu zenu ndo zinaamua kazi ianze lini.

Wakubwa shikamooni, na tulio rika moja habari za kazi.

Naandika kuhusu mistari ya paking. Najua mezani kwenu kuna mambo mengi, kuna dawa, kuna umeme, kuna mishahara, na mstari mweupe juu ya lami unaonekana ni kitu cha mwisho kabisa, lakini mimi ni fundi wa rangi, kazi yangu ya kila siku ndo hiyo ya kupiga mistari, na ninachokiona huko kwenye lami kinaniuma kwa sababu hela mnatoa, kazi inafanyika, alafu ikipita mvua ya wiki mbili hamna kitu. Rangi feki zipo na mafundi wabovu wapo, nitawafikia, ila sababu kubwa kuliko zote ni kalenda. Tunapiga mistari wakati ambao lami haipo tayari.

Angalieni mwaka wenu wa fedha. Unaanza tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni. Sasa wekeni pembeni yake mvua za pwani yetu: masika ni Machi mpaka Mei, vuli inaingia Oktoba mpaka Desemba. Kiangazi kizuri cha rangi ni Juni mpaka Septemba, lami inakuwa kavu mpaka ndani, upepo upo, joto la wastani, na hata Januari na Februari kazi inafanyika ingawa jua lake ni kali. Yaani bajeti mpya inafunguka mwezi uleule ambao lami ipo vizuri kabisa kupokea rangi. Halafu inakuwaje? Julai tunasubiri hela ishuke, Agosti barua inazunguka ofisi hadi ofisi, Septemba zinaombwa kotesheni, na mpaka fundi anapewa karatasi ya kuanza kazi ni mwisho wa Oktoba, wingu limeshatanda. Au inakuwa upande wa pili, kuna hela imebaki na mwaka unakaribia kufungwa, basi Aprili au Mei simu inapigwa, fundi njoo kesho kazi iishe haraka, unafika unakuta lami inachuruzika maji na unaambiwa piga hivyohivyo.

Rangi ya maji ikinyeshewa kabla haijakaza inaondoka yote. Nimeshaona weupe unatiririka mpaka kwenye mtaro, lita kwa lita, watu wamesimama kwenye baraza wanaangalia. Na hata isiponyesha, lami ina vitundu vidogovidogo vinavyohifadhi maji, juu unaona pamekauka kumbe ndani pamelowa, ukipiga rangi yale maji yanafungiwa chini, jua likiwaka yanatafuta njia ya kutoka yanainua rangi malengelenge, tairi likipita linabandua kipande kizima. Mkuu anaambiwa rangi ilikuwa feki. Inawezekana rangi ilikuwa nzuri tu, ila imepigwa Mei.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili, makaratasi yafanyike wakati wa mvua ili kazi ifanyike wakati wa jua. Machi, Aprili, Mei ndo miezi ya kupima, kuandika mahitaji, kukubaliana bei, hata kuwa na mkataba wa mwaka mzima na fundi mmoja mwenye bei inayojulikana, ili Julai ikiingia na hela ikishuka, hata ikichelewa mpaka Agosti, mtu anaanza kazi siku ileile anayopigiwa. Haihitaji hela ya ziada hata senti moja.

Na kuna hili la mgeni rasmi. Jamani. Kesho anakuja kiongozi, leo usiku fundi anaitwa kupiga mistari chini ya taa za magari, lami haijafagiliwa, umande unashuka, na saa 1 asubuhi msafara unaingia na kukanyaga rangi mbichi. Picha zinatoka nzuri kwa siku hiyo, sikatai. Lakini kama mistari ingekuwa inatunzwa kila mwaka kwa wakati wake basi mgeni angeikuta ipo, na wagonjwa na wateja wa siku zote wangekuwa nayo pia.

Sasa niseme kwa nini nalivalia njuga jambo hili, maana wapo watakaosema mistari ni urembo. Chukua safu moja ya paking yenye urefu wa mita 50. Kwa upana wa kawaida wa mita 2.5 kila nafasi, hapo yanaingia magari 20. Mistari ikifutika hakuna dereva anayejua aishie wapi, kila mtu anaacha kidogo huku na kidogo kule kwa kuogopa mlango wake usigongwe, ukifika wastani wa mita 3 kwa gari hiyo safu inabeba magari 16 tu. Umepoteza nafasi nne kwenye safu moja, na kwenye eneo lenye safu tano ni nafasi 20, zimeyeyuka hivihivi, alafu mnakaa vikao kujadili kutafuta eneo jipya la kupanua paking.

Na wanaoumia zaidi siyo wenye magari makubwa. Kwenye hospitali moja hapa mjini, ambayo sitaitaja, kulikuwa na nafasi ya watu wenye ulemavu karibu na mlango wa kliniki, ikiwa na ile sehemu ya pembeni yenye mistari ya mshazari ambayo haitakiwi kupaki kitu. Ile mshazari ilikuwa imebaki vidoa viwili vitatu tu. Akaja kijana kamleta baba yake, mzee amekatwa mguu, wakapaki vizuri mahali pao, na wakati kijana anazunguka kwenda kutoa kiti mwendo kwenye buti, pikapu ikaingia pembeni na kusimama palepale kwenye mshazari, dereva wake akashuka akaondoka zake mbio, mgonjwa wake yuko ndani. Mlango wa mzee ukawa unafunguka kiasi cha kupitisha mkono. Ikabidi kijana arudishe gari nyuma mpaka katikati ya njia, amshushe baba yake hapo, huku magari yanapiga honi nyuma na mzee ameng'ang'ania shingo ya mwanawe kwa mikono miwili. Simlaumu yule wa pikapu, mimi ningekuwa yeye nisingeona chochote pale chini zaidi ya lami. Mlinzi naye angemwambia nini, mstari wenyewe uko wapi wa kumuonyesha?

Ile sehemu ya mshazari ndo paking yenyewe kwa mtu wa kiti mwendo. Nafasi yake ikiwa na upana wa mita 2.4, pembeni panatakiwa paachwe kama mita 1.2 au zaidi ili mlango ufunguke wote na kiti kikae sambamba na siti. Bila hiyo, alama ya kiti mwendo iliyochorwa katikati ni mchoro tu. Tanzania tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2009, na kote humo suala la kufikika kwa majengo na huduma za umma lipo. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti, huduma inaanzia pale anapofungua mlango wa gari. Kama hela ya mwaka huu ni ndogo kabisa na mnaweza kupiga sehemu moja tu, pigeni hiyo, na njia ya ambulensi.

Turudi kwenye muda, maana kuna kosa lingine linafanyika kwenye paking mpya. Mkandarasi anamwaga lami wiki hii, wiki ijayo mnataka kufungua, mistari inapigwa lami ikiwa bado mbichi. Lami mpya ina mafuta mepesi ambayo yanahitaji muda kutoka, na bado ni laini, rangi ikikaa juu yake yale mafuta yanapanda, mstari mweupe unageuka rangi ya chai, wakati mwingine unapasuka vipande vidogovidogo kwa sababu chini bado panajongea. Kwa kawaida inatakiwa kusubiri wiki mbili mpaka mwezi mmoja. Najua hamuwezi kufunga hospitali mwezi mzima. Njia ipo na wala siyo ngumu: piga mkono wa kwanza mwembamba wa rangi ya maji ili magari yaongozwe, fungua, watu watumie, kisha baada ya mwezi fundi arudi apige mkono wa pili kwa unene kamili palepale juu ya alama za kwanza. Hilo liandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, na sehemu ya malipo ibaki mpaka mkono wa pili upigwe. Bila kuandikwa harudi mtu, nawaambia ukweli wa kazi yetu.

Hata saa za siku zina maana. Asubuhi sana Dar lami ina umande, hasa chini ya miti na upande wa kivuli, hapo usipige, subiri mpaka kama saa 3 pakauke. Saa 6 mpaka saa 8 mchana lami nyeusi inakuwa ya moto mpaka ukiweka kiganja huwezi kukaa nacho, rangi inakauka ngozi ya juu kabla ya ndani na inaacha viputo. Muda mzuri ni kabla ya adhuhuri na tena jioni kuanzia saa 9. Mtu akiwaambia atamaliza paking nzima kwa siku moja kuanzia alfajiri mpaka usiku, muulizeni vizuri.

Na baada ya kupiga, muda wa kukaa bila kukanyagwa. Rangi ya maji ukiigusa baada ya nusu saa unaona imekauka, lakini kukauka kwa kidole ni kitu kimoja na kuhimili tairi ni kitu kingine, hasa tairi la gari lililosimama ambalo dereva anazungusha usukani hapohapo, lile linasaga rangi vibaya kuliko gari linalopita mwendo. Mimi naomba kila mara masaa ya kutosha, na vizuri zaidi usiku mzima. Hapa ndo shida na walinzi inapoanza, tumeweka koni na tepu, anakuja bosi mmoja anasema mimi nina kikao, mlinzi anaogopa kazi yake, tepu inanyanyuliwa, na mstari wa gari moja tu unaharibu safu kwa sababu ile rangi inasambazwa na matairi mpaka getini. Toeni tangazo siku tatu kabla, gaweni eneo nusu kwa nusu, ofisi zifanye Jumamosi na Jumapili, hospitali ifanye robo robo, na mkuu wa sehemu mwenyewe siku hiyo apaki mbali watu wamuone. Mlinzi atapata nguvu ya kusema hapana.

Sasa mafundi wabovu na rangi. Kuna watu wanapiga mistari kwa rangi ya ukutani, ile ya kupakia sebule, au rangi ya mafuta ya milango iliyochanganywa thina nyingi ili iende mbali. Siku ya kwanza hutaona tofauti. Rangi ya barabara imetengenezwa kushika lami na kuhimili kusuguliwa, ya ukuta haikutengenezwa kwa hilo. Ukipokea kazi usipokee kwa macho, dai ndoo zenyewe zikiwa na lebo, na mwambie fundi akuonyeshe unene wa rangi ikiwa mbichi, kuna kijikipimo cha bati chenye meno kinachobanwa kwenye rangi, bei yake ndogo tu. Unene unaotumika sana ni kama milimita 0.38 ikiwa mbichi, ikikauka inabaki karibu nusu yake.

Na hapo tufanye hesabu kidogo maana watu wanadhani hii kazi inakula mamilioni ya rangi. Nafasi 100 kwenye safu zinahitaji mistari 101, kila mmoja mita 5 kwa upana wa sentimita 10. Hiyo ni kama mita za mraba 50. Kwa unene huo niliosema, inakwenda kama lita 19. Ndoo moja ya lita 20! Ndoo moja kwa mkono mmoja wa nafasi 100, ongezeni mishale, zebra na alama za walemavu, ongezeni kinachopotea kwenye mashine, bado tunaongelea ndoo chache. Gharama kubwa ni watu, mashine, kusafisha na kufunga eneo. Kwa hiyo anayewaletea rangi ya bei rahisi kuokoa kidogo kwenye ndoo anawapotezea kazi yote, maana mwaka ujao mtawalipa watu walewale na kufunga eneo lilelile upya.

Rangi ya njano muwe nayo makini pia. Njano za barabarani za zamani nyingi zilipata rangi yake kutokana na madini ya risasi, na mstari unaposagika unakuwa vumbi, na vumbi hilo watoto wanakanyaga na kushika. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza kikomo cha risasi kwenye rangi kisizidi sehemu 90 kwa milioni. Ulizeni hilo kwa maandishi kabla ya kununua, hasa nyie wa hospitali na shule.

Usafi kabla ya rangi sitaki kuuongelea sana kwa sababu kila mtu anaujua ila haufanyiki. Mchanga ufagiliwe mpaka uishe, upulizwe na kompresa, na pale katikati ya nafasi penye oili iliyodondoka paoshwe kwa sabuni na brashi ngumu, pakauke. Mashimo na nyufa zizibwe kwanza, mistari baadaye, siyo mistari Julai alafu viraka Septemba vinafunika nusu ya mshale. Na wale wa mabomba na nyaya wakichimba paking yenu, kibali chao kiseme kurudisha lami na mistari yake.

Kitu kinachonikera kuliko vyote ni rangi nyeusi. Meneja mpya anataka kubadilisha mpangilio, basi mistari ya zamani inapakwa rangi nyeusi na mipya inapigwa juu kwa upande mwingine. Nyeusi nayo inasagika. Miezi kadhaa baadaye mistari ya zamani inarudi, sasa una mistari ya aina mbili inayokatizana, na usiku wa mvua ndo balaa, rangi nyeusi inang'aa kwenye taa kuliko lami, dereva anafuata mstari ambao haupo. Kama ni lazima kubadilisha, ile ya zamani ikwanguliwe kwa mashine mpaka itoke.

Kuhusu matunzo, siyo lazima kila mwaka mpige paking nzima. Mistari haichakai sawasawa. Getini, kwenye kona, mbele ya kizuizi cha kulipia, kwenye zebra na mishale, huko ndo rangi inakwisha mapema kwa sababu magari yote yanapita hapo na kukata kona. Mistari ya katikati ya magari mawili inakaa zaidi. Rangi ya kawaida kwenye paking yenye shughuli nyingi inadumu mwaka mmoja hadi miwili. Basi kila mwaka baada ya masika, mwanzoni mwa Juni, mtu mmoja apite na simu apige picha palepale kila mara, asimame umbali wa safu moja na aangalie, kama mshale hausomeki akiwa amekaa ndani ya gari basi uingie kwenye orodha. Getini na kwenye zebra mkiweza wekeni ile plastiki ya moto inayoyeyushwa kwenye joto la kama nyuzi 200, inadumu zaidi, na inyunyiziwe shanga za kioo ikiwa bado mbichi ili zirudishe mwanga wa taa za gari usiku. Ila isipigwe juu ya rangi ya zamani inayobanduka, itaondoka nayo.

Na tunzeni ramani. Karatasi moja yenye vipimo vya kila safu, imeanzia ukuta gani, pembe gani, mshazari uko wapi. Nimeitwa mahali mistari imefutika kabisa na hakuna mtu hata mmoja anayekumbuka ilikaaje, kila idara inavutia kwake, na katika ule mvutano ile nafasi ya kiti mwendo ndo ya kwanza kupotea kwa sababu hakuna mwenye gari pale kikaoni anayeihitaji. Bodaboda na bajaji nao wachorewe eneo lao humohumo kwenye ramani, wapo na watakuwepo, msipowachorea watakaa kwenye nafasi za magari.

Wakubwa, ikiwa mnasoma hii kabla ya Juni, bado mna muda wa kuandaa karatasi. Ikiwa mnasoma Agosti, kazi inaweza kuanza wiki hii. Ikiwa ni Novemba na mna hela mkononi, tafadhali msimuite fundi kwanza, wekeni koni na kamba kwenye nafasi za walemavu na njia ya ambulensi, mlinzi asimame hapo, na kazi ya rangi ipangwe Januari wiki ya kwanza itakayokuwa kavu.

Wenu katika kazi,
Fundi wa mistari, Dar es Salaam